Saa Moja ya Maegesho

Fundi hakupanda ngazi. Alipiga simu akiwa bado ndani ya gari la kampuni, injini ikinguruma, akasema amefika, ila kuna jambo dogo la kumaliza kwanza.

"Hapa mbele ya jengo lenu ni maegesho ya kulipia," alisema. "Elfu mbili kwa saa. Nani analipa, mama?"

Kitinda alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akachungulia dirishani. Kutoka ghorofa ya tatu aliliona paa jeupe la gari, na kando ya kioo cha dereva amesimama mama wa maegesho, mwanamke mnene mwenye kizibao cha njano, na kimashine chake cha risiti mkononi, kama mhudumu wa hoteli anayesubiri mtu aagize.

"Si mashine iko kwenye waranti?" aliuliza.

"Mashine iko kwenye waranti, ndiyo. Gari haliko."

Alimwomba asubiri kidogo, akakata simu, akampigia Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa ndiye aliyeinunua mashine ile ya kufulia, mwezi uleule baba yao aliporudishwa kutoka hospitali na upande mmoja wa mwili uliokufa kwa kiharusi. Aliileta mwenyewe, akaipiga picha, akawatumia ndugu wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba Kitinda ameachiwa mzigo peke yake. Jina hilo la Kitinda alipewa kwa kuwa ndiye kitindamimba, na lilimganda ingawa sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja na mvi zimeanza kuchungulia juu ya paji la uso.

Mashine ilifanya kazi miezi saba. Kisha ikaanza kujaza maji na kukataa kuyatoa. Zilikwisha pita siku kumi na tisa, na kila siku Kitinda alifua kwa mikono shuka nne, siku nyingine sita.

"Usilipe," alisema Kaka Mkubwa, tena kabla dada yake hajamaliza kueleza. "Ukilipa leo elfu mbili, kesho watakuambia ulipie mafuta, keshokutwa chai ya fundi. Hawa nawajua. Hili ni suala la kanuni, Kitinda."

"Yupo chini ananisubiri, kaka."

"Mwache asubiri. Kampuni nzima ishindwe na elfu mbili? Simama imara, utaona watakavyolegea."

"Sawa, kaka."

Alimpigia fundi, akamwambia hawalipi. Fundi hakubisha. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sawa, mama. Basi naandika," na Kitinda akaliona paa jeupe likirudi nyuma, likageuka, likapotea kwenye kona. Alibaki dirishani, maji ya sabuni yakimchuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu. Nyuma yake baba alitoa ile sauti yake ya kuuliza, sauti isiyo na maneno.

"Hakuna kitu, baba. Ni fundi tu. Atarudi."

Jioni uliingia ujumbe kwenye simu: mteja hakutoa ushirikiano, ombi limefungwa.

* * *

Kulifungua tena ombi lilimchukua siku tatu za kupiga simu na kusikiliza muziki. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti laini isiyochoka.

"Kwa mujibu wa cheti cha dhamana, mteja anatakiwa kuandaa mazingira ya kazi."

"Mazingira ya kazi ndiyo nini?"

"Umeme, maji, nafasi ya kufanyia kazi, na sehemu salama ya kuegesha gari. Ipo nyuma ya cheti chako, dada."

Kitinda alikigeuza cheti. Ilikuwepo kweli, kwa herufi za kumfanya mtu apeleke karatasi dirishani. Lakini hata hapo hapakuandikwa nani analipa. Paliandikwa *sehemu salama*, basi. Aliuliza. Dada yule akamjibu kwamba suala hilo lipo nje ya uwezo wake, je, angependa kupangiwa tarehe? Tarehe ya karibu ilikuwa baada ya siku tisa.

Siku tisa zile zilimtembeza ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa akiishi kwa kushona madaftari ya shule. Kiwanda cha uchapaji kilimletea kurasa zilizokunjwa, naye akazishona mgongoni kwa uzi na kugundisha majalada, elfu tano kwa kila madaftari mia moja. Ni kazi ya vidole. Na vidole vyake, kwa kukaa kwenye sabuni na dawa ya kuua harufu, vilianza kupasuka kwenye viungo. Alivifunga kwa plasta, plasta zikabanduka. Alijaribu glavu, sindano ikamteleza.

Ijumaa msimamizi wa kiwanda alimwita mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni ya malipo. Alikuwa amelifungua daftari moja juu ya meza.

"Hii nyekundu ya nini, dada?"

Kitinda aliangalia. Doa dogo, pembeni mwa ukurasa, na ukurasa wa pili doa lingine, dogo zaidi, kama lilikuwa likilifuata la kwanza.

"Ni kidole tu. Kilipasuka."

"Mtoto wa watu ataandika juu ya damu yako?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeuliza saa. "Arobaini na mawili yako hivi. Yanakatwa kwenye malipo yako."

Nyuma yake mtu alicheka, labda kwa jambo lingine kabisa. Kitinda alipokea kilichobaki, akaficha mikono ndani ya mtandio njia nzima mpaka nyumbani.

* * *

Siku ya fundi ilipofika, alishuka mapema kwenda kwa mwenye duka la mapazia, chini ya jengo lao, aliyekuwa na nafasi ya gari moja mbele ya duka isiyolipiwa. Alimwomba amwachie fundi aegeshe hapo kwa saa mbili tu.

"Hiyo ni ya wateja," alisema mwenye duka, akiendelea kupima kitambaa.

"Nami si jirani?"

"Jirani ndiyo. Nunua pazia uwe mteja pia."

Alitabasamu kuonyesha kwamba anatania, lakini nafasi hakuitoa. Kwa hiyo gari jeupe lilipotokea, Kitinda alikuwa amesimama kando ya barabara na noti ya elfu mbili mkononi. Hakumwambia Kaka Mkubwa. Alimpa mama wa maegesho, kimashine kikatema risiti.

"Saa moja," alisema mama wa maegesho. "Ikipita, mkae mkijua watu wa mnyororo wanazunguka, wanafunga magurudumu. Msije mkaniambia mimi ndiye niliyewaita."

"Nitashuka kabla haijaisha, nilipie ya pili."

"Wote husema hivyo," alisema yule mama, akaenda kwenye gari linalofuata.

Fundi alikuwa yuleyule. Sauti yake ya kwenye simu ilimfanya Kitinda amdhanie kijana, kumbe alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa, na begi la vifaa lililomvuta bega upande mmoja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kitanda cha baba kilikuwa sebuleni, maana mlango wa chumbani haukutosha kwa kiti cha magurudumu, na mgeni hakuwa na njia ya kuingia asimwone.

"Shikamoo, mzee."

Baba aliinua nusu ya mdomo. Ilitoka sauti iliyokuwa karibu na marahaba. Kitinda alilikimbilia dirisha la pili, lile lisilofunguka miaka yote, akalisukuma kwa kiganja kana kwamba leo litakubali. Alijua nyumba inanuka. Aliizoea harufu hiyo mpaka hakuisikia tena isipokuwa alipoingia mtu. Fundi aliuliza mashine iko wapi, akaifuata, akaivuta kutoka ukutani kwa mikono miwili kama anavyosogezwa ng'ombe mkaidi.

Alilala kifudifudi sakafuni, akafungua kifuniko cha nyuma. Maji ya kijivu yalimiminika kwenye beseni. Kitinda alisimama hapo na tambara, hajui aondoke au abaki.

"Siku ile ulinisamehe?" alimuuliza hatimaye. "Ya kukurudisha."

"Ni kazi, mama. Mambo hayo hutokea."

"Kaka yangu alisema kampuni inalipa."

Fundi aligeuza bisibisi mara mbili tatu. "Siku ile nililipa mwenyewe," alisema. "Ulipokuwa unaongea na kaka yako, mama wa maegesho alishakata risiti. Na ziara ambayo haikukamilika hatulipwi. Sisi hatuna mshahara, tunalipwa kwa ziara."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeona nakuombaomba."

Kitinda aliliangalia tambara mkononi mwake, kisha saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili. Alichukua pochi, akavaa kandambili, akamwambia fundi anashuka kulipia ya pili.

Hakufika mlangoni. Sauti ya kitu kizito kikiteleza ilimgeuza. Baba alikuwa amejaribu kujigeuza kumtazama mgeni, na mguu mzima ukauvuta mwili usioweza kujishika. Nusu yake ilikuwa kitandani, nusu nje, kichwa kikielekea sakafuni.

Alimdaka kwapani. Alikuwa na mbinu yake ya kumpandisha, lakini mbinu ile ilihitaji aanze kabla baba hajateleza. Sasa alichoweza ni kumzuia tu asizidi kushuka. Mikono ilimwaka. Hakuita mtu. Fundi ndiye aliyetokea mwenyewe, mikono myeusi kwa grisi, akaifuta upesi kwenye suruali.

"Nishike wapi?"

"Magoti. Moja, mbili—"

Walimpandisha. Na walipomlaza ndipo wote watatu wakatambua kwamba shuka limechafuka, na nguo pia. Baba aligeuzia uso ukutani. Katika jicho lake zima lilikusanyika chozi, likakaa pale bila kudondoka. Mtu huyu aliwahi kuwa mwalimu mkuu. Kwa miaka thelathini watu walisimama alipoingia.

"Nitakuwa hapo nje," alisema fundi, akatoka kibarazani, akawapa mgongo.

Kitinda alimwosha baba, akambadilisha, akamwekea mto ubavuni, akamsemesha habari za mvua iliyokataa kunyesha. Alimsemesha mpaka pumzi zake zikatulia. Alipolibeba lile rundo la nguo ndipo macho yake yalipogonga saa. Alisimama kama aliyeitwa jina.

Fundi alikuwa ameshaanza kuteremka ngazi. Alirudi polepole kuliko alivyoshuka.

"Wamefunga gurudumu," alisema.

* * *

Faini ilikuwa elfu thelathini. Fundi alikaa kwenye ngazi, nje ya mlango, akapiga simu ofisini na kuweka sauti wazi, labda makusudi Kitinda asikie. Faini zote za barabarani ni za dereva, ofisi ilisema. Na wateja wawili wa mchana wanasubiri, je, tuwaambieje? Aliwaambia atachelewa. Alikata simu, akabaki ameitazama kama mtu anayesoma barua fupi mara nyingi.

Kitinda aliingia jikoni, akampigia Kaka Mkubwa.

"Subiri kwanza," Kaka Mkubwa alisema. "Ile saa ya kwanza ulilipa wewe?"

"Nililipa."

"Ndiyo hapo ulipoharibu. Ukishalipa ya kwanza umekubali wajibu."

"Kaka, baba alianguka. Fundi alimnyanyua kwa mikono yake."

"Ameumia?"

"Hajaumia."

"Alhamdulillahi. Sasa sikiliza. Faini ni ya dereva, hiyo ni sheria ya nchi yoyote. Wewe ulichopaswa kulipa ni saa ya pili tu. Hiyo nakutumia sasa hivi ili asije akasema hatuna utu."

Simu ililia mkononi mwake hata kabla hajaiweka chini. Elfu mbili zimeingia.

Aliisoma ile namba. Alihisi hamu ya kucheka na hamu ya kuirusha simu kwenye beseni la maji ya kijivu, akashindwa kuchagua. Kisha akavuta kiti, akapanda, akashusha kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Humo ndimo alimoweka pesa za nepi za baba. Alihesabu elfu kumi na tano. Kwa kazi yake hayo ni madaftari mia tatu, kila moja na uzi wake na vidole vyake. Alitoka nazo mpaka kwenye ngazi.

"Hii nusu."

Fundi hakunyoosha mkono. "Mama, gari ni langu kuliangalia."

"Nilisema nitashuka."

"Na mimi nilikuwa na saa mkononi. Niliiona inapita. Niliona aibu kukuita."

Kisha fundi akafungua mfuko wa shati, akatoa noti zake zilizokunjwa mara nne, akazihesabu juu ya goti, akaziunganisha na zile. Zilitimia. Zikabaki noti mbili ndogo, akazirudisha mfukoni na kuzipigapiga.

Walishuka pamoja. Watu wa mnyororo walipokea, wakafungua gurudumu bila kuzungumza na mtu. Mama wa maegesho alikuja taratibu.

"Nilikutazamia," alimwambia Kitinda. "Nikasema yule dada hakuwa na sura ya kudanganya."

"Nina mgonjwa. Baba alianguka."

"Ungenipungia dirishani."

"Ningepunga, ungefanyaje?"

Mama wa maegesho aliangalia kimashine chake, akafikiri kwa haki kabisa. "Hakuna," alikubali.

* * *

Fundi alipanda tena, amebeba pampu mpya kutoka garini. Aliichomoa ile ya zamani, akaipindua juu ya gazeti. Vikadondoka vifungo viwili vya pajama na kipande cha mpira wa kitandani kilichosokotana kama mjusi. Panga dogo la ndani, lile linalosukuma maji, lilikuwa limevunjika.

Kitinda aliviona vifungo. Alivijua. Alijua pia alichokisoma nyuma ya cheti siku ile dirishani, kwamba dhamana haihusiki na kitu chochote kigeni kitakachokutwa ndani ya mashine.

"Pampu hii bei gani?" aliuliza, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Ukinunua? Laki na themanini."

Fundi alivifuta vile vifungo kwa tambara, akavipanga kwenye kizingiti cha dirisha, kimoja kando ya kingine. Kisha akaweka fomu juu ya mashine na kuandika kwa herufi kubwa, akimwachia nafasi ya kusoma: *Chanzo cha hitilafu: pampu imechakaa.*

Alifunga kila kitu, akairudisha mashine ukutani, akaiwasha. Ilijaa maji. Ikazunguka. Ikanyamaza kidogo. Kisha maji yakaanza kushuka kwenye bomba.

"Sehemu hii unajaza wewe," fundi alisema, akimpa kalamu.

Yalikuwa maswali ya mteja. Je, fundi alifika kwa wakati? Je, alikuwa na lugha nzuri? Na la mwisho: je, fundi alipokea malipo yoyote kutoka kwa mteja, au mteja aliingia gharama yoyote wakati wa ziara? Chini yake kwa herufi nyembamba palielezwa kwamba mteja aliyeingia gharama anaweza kudai. Kitinda alielewa kwamba angeweza kudai elfu kumi na saba zake, na huenda akazipata. Alielewa pia nani angeulizwa.

Aliandika *Hapana*. Aliandika polepole, maana kidole kilimuuma.

Fundi alilisoma neno hilo, akaikunja fomu. "Haya, mama. Mungu ampe mzee nafuu." Alipopita sebuleni aliinama kidogo kuelekea kitandani, na safari hii baba alimtazama.

* * *

Kaka Mkubwa alipiga saa kumi.

"Enhe? Walilegea?"

"Mashine inafanya kazi."

"Umeona? Nilikuambia usimame imara."

Kitinda alikuwa ameegemea mashine, akiuhisi mtetemo wake mgongoni. Neno *sawa* lilikuja lenyewe mdomoni, kama kawaida. Hakulitoa.

"Nimelipa nusu ya faini," alisema. "Nimetoa kwenye pesa za nepi. Jumamosi unakuja kukaa na baba. Asubuhi mpaka jioni."

"Jumamosi nina kikao."

"Kihamishe."

"Kitinda, mambo hayaendi hivyo, watu wameshaal—"

"Saa mbili asubuhi, kaka. Nitakuwa nimevaa viatu."

Jumamosi alikuja saa tatu kasoro, amevaa shati lililopigwa pasi na kubeba matunda. Kitinda alimwonyesha dawa, nepi, namna ya kumgeuza baba bila kumvuta mkono mbovu, na kitufe cha mashine. Kaka Mkubwa aliitikia kila jambo kwa kichwa, haraka, kama mtu anayesaini karatasi asizozisoma. Kisha Kitinda akatoka.

Hakujua aende wapi. Alitembea mpaka mwisho wa barabara, akarudi nusu, akageuka tena. Alikaa kwenye benchi mbele ya zahanati, akainuka kwa kudhani ameitwa. Alinunua mafuta ya mgando ya mikono, akayapaka hapohapo dukani. Mara mbili alitoa simu ili aulize, mara mbili akairudisha mkobani. Ilipofika saa tisa miguu yenyewe ilikwisha kata shauri.

Alifungua mlango taratibu. Baba alikuwa amelala, safi, mto umewekwa upande usiofaa lakini umewekwa. Sauti ya maji ilitoka bafuni.

Kaka Mkubwa alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, shati limelowa mpaka kifuani, suruali imekunjwa mpaka magotini, akilisugua shuka kwa ngumi zote mbili. Mengine mawili yalikuwa pembeni, hayajakamuliwa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu. Alisikia hatua, lakini hakugeuka mara moja.

"Niliogopa kuibonyeza," alisema. "Nisije nikaiharibu tena."

Kitinda alitaka kumwambia ni kitufe kimoja tu, kile cha kijani. Alivua viatu, akakiweka kiti mlangoni, akakaa.

"Hilo la maua lina doa kwenye pindo," alisema. "Lirudie."

Kaka Mkubwa alilitafuta doa, akaliona, akaongeza sabuni.